Re: Tangazo la kupanda mikoko lapata laiki kibao, wanaokuja ni wachache

Mkuu, umesema laiki zilikuwa mamia na waliofika tisa, tena wakakuta maji yamejaa. Anza na hilo la maji. Pwani yetu, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu au mwandamo) maji hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, saa hizohizo yamejaa. Kwa hiyo tarehe ichaguliwe kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, habari ya kama ni Jumamosi ije baadaye.

Laiki haimfungi mtu. Facebook iwe ya kutangaza tu, na mwisho wa posti weka kiungo cha kundi la WhatsApp. Humo weka kura yenye kazi, siyo "utakuja?": nani anabeba miche, nani anachimba, nani analeta maji ya kunywa. Aliyechagua kazi mtumie ujumbe binafsi jioni ya kuamkia siku yenyewe, pamoja na lokesheni na neno moja kuhusu viatu, maana ndala hubaki topeni.

Picha za takataka na kasa waliokufa huleta huzuni na kusambazwa, basi. Weka picha ya mche uleule, pembe ileile, kila mwezi, hata mche huo ukifa. Na msikimbilie kupanda mkoko ukingoni kabisa mwa bahari kwa sababu picha inapendeza; pale ni pa mlilana, aina nyingine katika jamii ya mikoko; mawimbi yataung'oa. Waulizeni kwanza TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na kamati ya kijiji.