Bedi ya mashine ya kukereza imelika: kabla hujaipeleka kurandwa

Mkuu, umeuliza kama ukubali bedi yako, ule mwili mrefu wenye reli, irandwe, yaani reli zichongwe upya kwa kisu mpaka zinyooke, kwa sababu shafti zinatoka nene upande wa hedistoki (kichwa kinachozungusha kazi), na fundi amekuahidi ataondoa "kidogo tu". Kuranda kunafaa. Nimesimamia bedi zikirandwa, na nyingine nimezifunga mezani kwa mkono wangu. Ila hicho "kidogo tu" ndicho kitakachokusumbua baadaye: kila unachokitoa kwenye reli kinashusha kigari kinachobeba kisu, na kuna vitu kadhaa vinavyotegemea kimo cha kigari hicho.

Kwanza hakikisha ni bedi kweli. Weka pimamaji ya kifundi, ile inayosoma 0.02 mm kwa mita, ikatize reli mbili upande wa hedistoki, kisha isogeze hadi mwisho wa telistoki (kichwa cha upande wa pili kinachoshikilia ncha ya kazi). Kipovu kikihama polepole kuelekea upande mmoja, bedi yako huenda imejipinda tu kwenye miguu, na hilo linatibiwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kujazia) na bolti za sakafuni. Dalili ya kulika ni tofauti. Kigari ukikikaza kidogo mwisho wa telistoki kinakuwa kigumu kule, lakini karibu na hedistoki kinachezacheza. Dalili nyingine naipenda zaidi: sogeza kigari karibu na hedistoki, funga nati ya nusu, ile nati iliyogawanyika inayokishika kigari kwenye skrubu kuu ya kukatia nyuzi, huku umeiinamia skrubu hiyo. Ukiiona skrubu inavutwa chini nati inapofunga, kigari kimeshuka, huhitaji mtu wa kukubishia.

Watu wengi wanadhani tatizo ni kisu kushuka chini ya senta, mstari wa katikati ya kazi. Sivyo. Kwenye kazi ya kipenyo cha 50 mm, kisu kikishuka 0.1 mm, kipenyo kinaongezeka kwa takriban 0.0004 mm, huwezi hata kuisoma. Kinachoharibu kazi ni kigari kuinama. Reli ya mbele ndiyo inayobeba mzigo na kulika zaidi, kwa hiyo kigari kinalala kuelekea kwako na ncha ya kisu inakimbia kutoka kwenye kazi. Chukua reli zilizoachana 300 mm na senta iliyo 200 mm juu yake: reli ya mbele ikilika 0.1 mm, kisu kinarudi nyuma karibu 0.067 mm, na kipenyo kinanenepa 0.13 mm. Hiyo ndiyo shafti yako.

Sasa chukua tupa kali, ijaribu pembeni ya reli mahali pasipotumika. Ikikwangua na kutoa unga mweusi, hicho ni chuma cha kusubu cha kawaida na kitarandika. Ikiteleza bila kushika, reli zimechomwa zikawa ngumu. Hapo usimruhusu mtu yeyote akuambie atatumia kisu cha kabaidi na kwenda polepole. Bedi hiyo ni ya mashine ya kusaga kwa jiwe.

Kama ni ya kuranda, ikague kwanza mashine itakayoiranda. Meza yake ikitembea kwa kupinda, bedi yako itanakili pindo hilo kwa uaminifu mkubwa. Mwenye mashine anayekataa usiipime meza yake kwa geji ya mshale (saa ya kupimia tofauti ndogo ndogo) juu ya rula iliyonyooka, mshukuru uondoke.

Kufunga bedi mezani ndiko kunakochukua muda, na ukiharakisha hapo kila kitu kinapotea. Bedi ni ndefu na inapindika kuliko inavyoonekana. Ikalishe kwenye sehemu zilezile inazokalia miguu yake, jaza shimu mpaka itulie yenyewe bila bolti, ndipo ukaze. Weka geji ya mshale juu ya reli kila unapokaza bolti moja. Mshale ukicheza, umeivuta, legeza uongeze shimu. Niliwahi kuletewa bedi iliyotoka karakana fulani ikiwa imenyooka kabisa walipoipima ingali imefungwa. Walipolegeza bolti ilirudi kwenye umbo lake, na reli mpya zikawa na tumbo. Kwa hiyo randa mkato wa kwanza, legeza kila kitu, iache bedi ipumzike, pima tena, funga upya kwa upole, halafu ndipo uende mkato wa mwisho.

Kipimo cha kuanzia usikitoe kwenye sehemu iliyolika. Karibu kila bedi ina vipande ambavyo kigari hakivifikii: chini ya hedistoki na mwisho kabisa wa upande wa pili. Vipande hivyo bado vina kimo cha kiwandani. Pima kutoka hapo, na kabla kisu hakijagusa chochote andika tofauti ya kimo kati ya reli za nje za kigari na reli za ndani za telistoki. Ukishakata, rekodi hiyo huipati tena. Mashine nyingi hedistoki na telistoki hukaa kwenye reli za ndani, na mara nyingi hizo zimelika kidogo mno. Kama ni hivyo, ziache. Randa za nje peke yake, na senta zako mbili zitabaki zikitazamana.

Kwenye reli ya V usiamini namba zilizochongwa kwenye kichwa cha mashine. Elekeza geji ya mshale kwenye kipande kisicholika cha V na urekebishe pembe mpaka mshale utulie. Kile kibao cha kisu kinachonyanyuka meza ikirudi, kigeuze ili kisu kitoke mbali na uso unaokatwa, la sivyo kila safari ya kurudi itachora mstari. Mkato wa mwisho uwe mwembamba, wa sehemu chache tu za mia za milimita, kwa kisu kipana chenye makali yaliyonyooshwa vizuri kwa jiwe la mafuta.

Na hesabu hii ibandike ukutani. V ya nyuzi 90 ukiondoa 0.2 mm kwenye kila uso, kigari hakishuki 0.2. Kinashuka 0.28, kwa sababu unazidisha kwa 1.414. Reli bapa ya nyuma nayo lazima ishuke 0.28, vinginevyo umenyoosha bedi na kukiinamisha kigari kwa mkono wako.

Halafu kigari chenyewe. Hiki kimelika pamoja na bedi: bedi imekuwa shimo, tumbo la kigari limekuwa mgongo. Ukikirudisha jinsi kilivyo juu ya reli mpya kitayumba kama mtumbwi. Zaidi ya hapo kimeshuka, na kushuka huko kunaendelea mpaka chini: nati ya nusu iko chini ya skrubu kuu, na pinioni, ile gia ndogo inayokisogeza kigari, imeachana na reki ya meno iliyo kwenye bedi, kwa kuwa kwenye mashine nyingi reki inatazama chini.

Dawa yangu ni kuranda tumbo la kigari na kubandika ukanda wa Turcite (plastiki inayoteleza), kisha kuukwangua kwa skrepa mpaka rangi ya bluu inayopakwa kuonyesha panapogusa igawanyike sawasawa. Hesabu ni ileile kinyume chake: ukanda wa 1 mm kwenye nyuso zote mbili za V unakiinua kigari 1.4 mm, kwenye reli bapa unakiinua 1 mm, basi kina cha kuranda kigari lazima kitofautiane. Lenga kimo cha zamani na uache ziada ndogo ya skrepa. Kuna wanaoshusha skrubu kuu na reki badala yake. Kwa kushuka kidogo sana inakubalika, lakini utajikuta unatoboa upya matundu ya pini na kupanga mabano ya skrubu kila upande. Mimi napendelea kukiinua kigari.

Usisahau upande wa chini wa reli, pale vibao vya kuzuia kigari kisinyanyuke vinapobana. Usipokuwa sambamba na uso mpya wa juu, kigari kitabana mwisho mmoja na kulegea mwingine, na utaanza kulaumu Turcite.

Kabla hujajibu huyo fundi, pima mambo mawili uyaweke hapa: reli ya mbele imelika kiasi gani ukilinganisha na kipande kilicho chini ya hedistoki, na skrubu kuu inavutwa kiasi gani ukifunga nati. Kama kulika ni chini ya 0.05 mm na shafti zako ni fupi, nisingeigusa bedi. Ningeanza na kigari peke yake.