Maswali ya Wasomaji: Mabuli ya Fedha ya Kiingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, nina buli la Kiingereza lenye mpini wa mbao. Chini limepigwa chapa za simba, kichwa cha chui chenye taji, herufi na kichwa cha mfalme. Jirani anadai limepakwa fedha juu tu. Nitajuaje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, kama chapa zimesomwa sawasawa, hilo ni la fedha halisi, si la kupakwa. Simba anayetembea akielekea kushoto alianza kupigwa London mwaka 1544, na maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1,000. Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha peke yake ni laini mno kwa chombo cha kila siku. Kichwa cha mfalme kilionyesha kwamba ushuru umelipwa, na kilitumika kuanzia 1784 hadi 1890. Chui ndiye chapa ya mji wa London, naye alivuliwa taji 1821. Basi ikiwa hakuna chapa ya mji mwingine, buli lako ni la kati ya 1784 na 1821, na herufi ndiyo itakayokupa mwaka wenyewe. Nanga, kwa mfano, ingekuwa chapa ya mji wa Birmingham.

Tazama na kifuniko. Nacho hupigwa chapa, ingawa chache. Herufi yake ikitofautiana na ya mwilini, yaelekea vimeunganishwa baadaye, na bei hushuka sana. Vyombo vya kupakwa mara nyingi huandikwa EPNS, kifupi cha Kiingereza cha madini ya nikeli yaliyopakwa fedha kwa umeme, na kingo zikichakaa huonyesha madini ya chini yenye umanjano.

SWALI: Buli langu la aina hiyo linavuja nyuma, karibu na mpini. Fundi anataka kuliziba kwa risasi. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, tafadhali! Mabuli mengi ya miaka ya 1780 na 1790 hayakuinuliwa kwa nyundo kutoka kwenye bamba la duara kama yale ya awali. Bamba lilikunjwa likazungushwa, ncha zake zikalehemiwa upande wa mpini ili mshono ufichike. Hapo ndipo uzito wote wa buli lililojaa huvuta kila linapoinuliwa, na hapo ndipo hupasuka. Ipulizie fedha pumzi: mvuke wa pumzi huonyesha mstari wa mshono na viraka vya zamani.

Risasi huyeyuka kwa moto mdogo, ndiyo maana mafundi huipenda. Lakini siku sonara atakapolipasha moto mkali ili alehemu kwa fedha, mabaki ya risasi yataila fedha na kuacha vishimo. Isitoshe, risasi ndani ya chombo cha chai ni sumu. Mtafute sonara anayelehemu kwa fedha, na kabla ya moto atoe pini ndogo zinazoshika mpini, auchomoe, asije akauunguza.

SWALI: Nalisafishaje?

JIBU: Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, kisha ukaushe papo hapo. Usililoweke: mbao huvimba, zikikauka hupasuka na mpini hulegea. Karatasi ya alumini na magadi soda tuiepuke kwa chombo cha kale, kwani huondoa hata weusi uliotulia ndani ya nakshi, na nakshi bila kivuli hicho haisomeki vizuri. Ukilihifadhi, lifunge kwa pamba safi. Usitumie gazeti, sufu wala mpira, kwani vina salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi, hasa katika unyevu wa pwani.