Uliza Mwalimu: Wanangu Wawili Wanamaliza Mwaka Mmoja, Watakaa Wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Mikanjuni hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na chai. Nina vijana wawili wamepishana mwaka mmoja tu, mkubwa yuko la sita mdogo yuko la tano. Juzi kwenye kikao cha wazazi tukaambiwa mwakani 2027 wote wanamaliza, mmoja la saba mwingine la sita, halafu Januari 2028 wanaingia fomu wani pamoja. Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma. Sare za wawili, viatu vya wawili, na baba yao yuko baharini hela yake ya kubahatisha. Ila kinachoninyima usingizi zaidi ni nafasi, maana sekondari ya kata yetu sasa hivi tu wamebanana, je hao mara mbili? Jirani ananiambia nimrudishe mdogo darasa moja nipate kupumua. Nifanyeje?
Mama Vitumbua, Mikanjuni

JIBU: Marahaba mama yangu. Ulichoambiwa ni kweli. Mtaala mpya umeanza Januari 2024, waliokuwa la tatu mwaka ule wanaishia la sita, waliokuwa la nne wanakwenda mpaka la saba kama zamani, hesabu kwa vidole utaona wanakutana 2027. Na sera ya sasa inasema elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo wote hao wanatakiwa wapate pa kukaa.

La jirani nalielewa, ni kweli 2029 foleni ya kuingia itakuwa imepungua, lakini mtoto anayefanya vizuri ukimrudisha nyuma bila kosa anajiona kafeli, wenzake wameenda yeye kabaki, na wengi wanaanza utoro hapo hapo. Mwache aende na kaka yake.

Sasa niseme linaloniuma. Kabla ya 2022 kulikuwa na kitu kinaitwa chaguo la pili, mtoto amefaulu vizuri tu lakini darasa halipo, anaambiwa subiri nyumbani mpaka lijengwe. Nilimjua kijana mmoja Makorora, mama yake alishamnunulia sare Desemba, Januari wenzake wakaenda yeye akabaki, kila asubuhi anavaa lile shati jeupe anakaa barazani anaangalia njia. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, jina lilipotoka ameshazoea kubeba mizigo stendi ya Kange na hela ya kila siku ameshaionja, hakwenda tena. Halafu mwishoni mwa 2021 yakajengwa yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO, yaani za korona, 12,000 yakiwa ya sekondari, na Januari 2022 watoto wakaingia kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo inawezekana mama, tumeshaona kwa macho, ila ilitaka hela na watu kukimbizana.

Ndio maana nakwambia usisubiri Desemba 2027. Kikao cha mtaa kikiitwa nenda, hata kama vitumbua vitalala siku hiyo, na uende na hesabu. Kiwango cha sekondari ni wanafunzi 40 darasa moja. Shule inayopokea 160 sasa inatumia vyumba vinne, wakija 320 inataka vinane, na hao wanakaa miaka minne, sio kwamba ukishawapokea mzigo umetua. Uliza na vyoo, tundu moja kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25, maana binti akikosa choo siku zake anabaki nyumbani, hapo utasema ana nafasi kweli? Uliza walimu, hasa wa hesabu na sayansi. Uliza ujenzi unaanza lini na fedha imetoka wapi. Usione haya, diwani na mwenyekiti wako pale kujibu wewe.

Upande wa mfukoni, ada haipo tangu 2016, ile 20,000 ya kutwa ilifutwa, lakini sare, viatu na madaftari ni juu yako. Anza sasa hivi, kila siku mia tano kwenye kibubu, mpaka Desemba mwakani itakuwa imefika mahali. Na jambo dogo linalosumbua wengi: hakikisha majina ya wote wawili shuleni yanafanana na vyeti vya kuzaliwa, herufi kwa herufi, kabla hawajasajiliwa kwa mtihani. Kurekebisha baadae ni nauli na kuzungushwa tu.

SWALI: Mwalimu, nimemaliza form four Bagamoyo, nina divisheni three. Nimepangiwa chuo cha kati na sio form five. Kuna jamaa anasema nimpe laki tatu ataniingiza form five kwa mlango wa nyuma. Nimpe?
Kijana wa Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Usimpe hata mia mwanangu. Kubadili machaguo ni bure, mwanafunzi mwenyewe anaingia kwenye Selform, ule mfumo wa mtandaoni wa machaguo, dirisha likiwa wazi, na likifungwa hakuna mtu wa mtaani mwenye ufunguo. Form five ni finyu kwa sababu shule nyingi za ngazi hiyo ni za bweni na zinachukua watoto wa nchi nzima, kwa hiyo kinachogombewa ni kitanda, na vitanda havijaongezeka kwa kasi ya shule za kata. Chuo hujatupwa. Ukimaliza stashahada kwa GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 3.0 kwenda juu unaomba chuo kikuu kama wenzako wa form six, na mkononi tayari una fani. Ada ya chuo ipo, hilo lazima mkae na wazee mapema mlipange. Meseji za huyo jamaa usizifute, piga 113 TAKUKURU, ni bure, maana ukimwacha kesho anakwenda kwa mwenzako.