Usifunike kiakisi: jibu kwa ndugu wa Kisumu anayetaka kutia weusi taa za nyuma

Weka kopo hilo la rangi chini kwanza. Umeandika kutoka Kisumu kwamba Jumamosi utapulizia taa za nyuma za Toyota Fielder yako ile rangi nyeusi inayopitisha mwanga, na umeuliza upulize mara ngapi, kama filamu, ile karatasi ya plastiki ya kubandika, ni bora kuliko rangi, kama jua la huko litaibambua, na kama askari wa trafiki wa njia ya Ahero watakusumbua. Wenzetu hapo juu wamekwisha kukujibu kwamba mara mbili zinatosha na kwamba "taa ikiwaka, hakuna kesi." Maneno hayo hayo, neno kwa neno, niliuziwa mimi na kijana wa duka moja la mapambo ya magari hapa Nakuru, pamoja na kipande cha filamu ya asilimia 50, naye alinihakikishia kwa sauti ya wakili kwamba asilimia 50 inakubalika kila mahali duniani. Nilimwamini kwa sababu alikuwa amevaa ovaroli safi. Siku hizi nikimwona fundi mwenye ovaroli safi najua kwamba hajawahi kulala chini ya gari.

Taa ya nyuma watu huitazama wakaona kitu kimoja chekundu, kumbe ndani ya ganda lile mna vitu vinne au vitano: taa ndogo ya usiku, taa ya breki, indiketa, taa nyeupe ya kurudi nyuma, na mahali pamoja ambapo hapana balbu hata kidogo. Mahali hapo ukipakagua kwa karibu utaona vijipembe vidogo vidogo vingi vilivyopangwa mle ndani ya plastiki. Hicho ndicho kiakisi mwanga, na kazi yake ni kupokea mwanga wa gari linalokuja nyuma na kuurudisha kule kule ulikotoka, ili dereva huyo aone macho mawili mekundu hata kama gari lako limekufa kabisa. Hakihitaji betri, waya wala fyuzi. Kwenye magari mengine kiakisi kimetengwa, kiko chini kwenye bampa, lakini kwenye langu kilikuwa ndani ya taa, na mimi nilikifunika pamoja na vingine vyote, nikakata filamu kwa wembe kwa uangalifu mkubwa hadi pembeni kabisa, kisha nikapiga picha. Gari lilionekana limevaa miwani ya jua, na nililipenda sana.

Usiku ulioniponza nilikuwa nikitoka Naivasha kurudi nyumbani, mvua ikinyesha. Ile alama nyekundu ya betri ilikuwa imewaka tangu kabla ya Gilgil, lakini nilijiambia kwamba alteneta, yaani mashine inayochaji betri, iliyonivumilia hadi pale ingenivumilia hadi Lanet. Haikunivumilia. Baada ya kupita Kikopey taa za mbele zilififia zikawa za rangi ya chai, injini ikakohoa, na kila kitu kikazimika, zikiwemo indiketa za dharura ambazo nilibonyeza na kubonyeza tena bila kupata hata cheche. Gari lilijikokota hadi ukingoni, magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye changarawe, lakini pembe ya kulia ya nyuma ikabaki karibu mno na lami. Wanaoijua barabara hiyo wanajua malori yanavyopita pale usiku yakielekea Uganda: kila moja linakuja na upepo wake. Nilitoa pembetatu ya tahadhari na kuiweka nyuma kama inavyotakiwa, lakini ilikuwa ile nyepesi ya bei ya kutupa, na lori la pili lililopita likailaza chali ikitazama mbingu. Nilikuwa nje ya barabara, chini ya mti, nikibembeleza fundi kwa simu, na huo ndio uamuzi pekee wa busara nilioufanya usiku kucha.

Pikapu iliyobeba kabeji ndiyo iliyonigonga. Dereva wake alikuwa mtu mtaratibu kuliko nilivyostahili, aliposhuka hakunitukana, alisimama tu kwenye mvua akaniambia, "Mzee, mimi sikuona gari hapo. Niliona giza." Nilianza kumjibu kwa ukali kwamba gari zima haliwezi kuwa giza na kwamba bila shaka alikuwa amelala kwenye usukani. Kabeji zilikuwa zimetapakaa hadi kwenye kiti changu cha nyuma, na kwa muda wa wiki nzima jirani zangu waliniuliza kama nimeingia biashara ya mboga.

Askari aliyekuja kupima mahali pa ajali ndiye aliyemaliza ubishi, na hakuhitaji maneno mengi. Alisimama mbali kidogo, akaishika tochi yake kando ya sikio, akalimulika lori lililokuwa limeegeshwa mbele yetu. Zile alama za mistari myekundu na ya manjano mgongoni mwake zikawaka zote kwa pamoja. Kisha akageuza tochi akamulika taa yangu ya kushoto, iliyokuwa imebaki nzima. Haikuwaka. Kulikuwa na kijiwekundu cha mbali sana, cha kutafutwa. Aliimulika tena, akanitazama, akauliza, "Hii tinti uliweka ya nini?" Ndugu, mpaka leo sijapata jibu la swali hilo ambalo mtu mzima anaweza kulitamka mbele ya watu.

Hesabu ambayo kijana wa ovaroli hakunifanyia ni hii. Filamu ya asilimia 50 huacha nusu ya mwanga ipite, na kwa balbu iliyo ndani hiyo ni hasara ya nusu, kwa sababu mwanga wake huivuka filamu mara moja tu. Kiakisi hakina mwanga wake. Mwanga wa gari linalokuja unaivuka filamu ukiingia, ukipungua nusu, kisha unaivuka tena ukitoka, na ile nusu nayo inapungua nusu. Kinachomfikia dereva ni robo. Filamu ya asilimia 35, ambayo naona mmoja hapo juu anakupendekezea kwa moyo mkunjufu, inaacha takriban asilimia 12 tu. Hiyo rangi ya kopo haina kipimo chochote, kwa kuwa unene wake unategemea mkono wako, upepo wa siku hiyo na jinsi ulivyotikisa kopo, kwa hiyo anayekuambia "mara mbili zinatosha" anakupimia kwa makadirio ya macho yake akiwa amesimama uani mchana.

Sasa gharama, kwa maana najua ndiyo itakayokuingia. Nilikuwa na bima kabambe na nilikuwa nikiilipia bila kuchelewa. Mkadiriaji wa hasara alikuja, akapiga picha za mlango wa nyuma uliokunjamana, akapiga picha za bampa, halafu akachuchumaa na kupiga picha nyingi zaidi za taa kuliko za hasara yenyewe. Barua iliyofuata ilinieleza kwa adabu kwamba gari lilikuwa limebadilishwa bila kampuni kuarifiwa na kwamba halikuwa katika hali ambayo mkataba unaitaka. Niliandika, wakaandika, nikaandika tena, na mwishowe nilijilipia mwenyewe: mlango wa nyuma, bampa, kazi ya kunyoosha bodi, gari la kuvuta hadi Nakuru, rejeta ya pikapu, na kabeji. Ndiyo, nilinunua kabeji za mtu mwingine kwa bei ya jumla nikiwa sina hata kichaka cha sukuma wiki nyumbani. Nenda ukachukue mkataba wako wa bima leo, utafute sehemu inayozungumzia mabadiliko ya gari na hali ya gari kustahili barabara, uisome ukiwa umelishika hilo kopo kwa mkono wa pili.

Nilimrudia yule kijana wa duka nikiwa na picha. Aliziangalia, akanirudishia simu yangu, akasema, "Mimi niliuza filamu, mzee. Sikuuza usiku." Nakiri kwamba ni jibu zuri, na ndiyo sababu linaniudhi hadi leo. Wale wa video za Marekani hawana tofauti naye, kwani wanapulizia taa za gari linalolala ndani ya gereji yenye sakafu inayong'aa, wanakuonyesha dakika kumi za matokeo mazuri, na hawakuonyeshi hata sekunde moja ya gari hilo likiwa limezimika kando ya barabara usiku wa mvua.

Kuhusu askari wa Ahero, inawezekana atakupungia mkono upite, na inawezekana hatakupungia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake vyote, zikiwemo taa na matairi, vitimize matakwa ya sheria na vitunzwe katika hali isiyohatarisha watu. Kifungu hicho hakikupimii asilimia ya filamu, kwa hiyo usijitetee kwa maneno ya "ni 50 tu, afande." Hutabishana naye kuhusu filamu, mtabishana kuhusu hatari, na hatari haimsubiri askari asimame barabarani.

Mmoja amekuambia uache wasiwasi kwa sababu Fielder ina taa ya tatu ya breki pale juu kwenye mlango wa nyuma. Taa ya tatu haina kiakisi, na gari likizimika nayo inazimika. Hata injini ikiwa inanguruma vizuri, fikiria jambo hili: ile balbu ya nyuzi mbili yenye wati 21 na wati 5, ambayo iko kwenye magari mengi tunayoyaendesha, hutoa takriban lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) 440 unapokanyaga breki na takriban 35 kwa taa ya kawaida ya usiku, na dereva wa nyuma hujua kwamba umekanyaga breki kwa kuiona tofauti hiyo ikitokea ghafla. Ukipunguza mwanga kwa nusu, breki yako ya mchana inaanza kufanana na taa iliyowashwa kwa kusahau. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 7, iliyofuatwa na watengenezaji wengi, iliitaka taa ya breki iliyozoeleka itoe angalau kandela (kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja) 60 kuelekea nyuma moja kwa moja; taa nzuri ya kandela 100 ikivishwa filamu ya asilimia 50 inabaki na 50, na hapo umeshatoka nje ya kipimo kabla vumbi halijaigusa. Wewe unatoka Kisumu kwenda Ahero jioni, jua la magharibi likiwa limezipiga taa zako za nyuma moja kwa moja, na nyuma yako kuna matatu ya abiria. Nani ataona nini?

Ukitaka weusi kwa vyovyote, nunua taa zilizotengenezwa hivyo kiwandani, zenye herufi E ndani ya duara na nambari ya nchi iliyoziidhinisha, kama vile 1 ya Ujerumani au 43 ya Japani, imechongwa kwenye plastiki yenyewe na si kwenye kibandiko. Kabla ya kulipa, hakikisha kiakisi kimo ndani yake, kwa sababu zipo zinazouzwa bila hicho na muuzaji hatakutajia. Kama hakimo, vifunge viakisi vyekundu vya pekee kwenye bampa, kimoja kila upande, na usiviguse kwa chochote tena. Mengine yote mjadiliane mnavyotaka, lakini mbele ya kiakisi na mbele ya taa ya breki hapawekwi kitu.

Fanya jaribio la yule askari kabla hujalifungua hilo kopo. Usiku, gari likiwa limezimwa kabisa, rudi nyuma hatua 30 hivi, ushike tochi ya simu kando ya jicho, si kiunoni, kwa maana kiakisi hurudisha mwanga ulikotoka na ukiishika chini utadhani kimekufa. Kiangalie kinavyowaka. Kisha kata kipande cha filamu au mfuko wa plastiki mweusi unaopitisha mwanga, ukibandike juu yake kwa utepe wa karatasi unaonata, urudi pale pale umulike tena.

Na kama umeshapulizia upande mmoja na unanisoma ukiwa umechelewa, tafadhali usiguse thina. Taa hizo kwa kawaida ni plastiki ya akriliki, na thina huitia nyufa ndogo ndogo kama za utando ambazo hazitoki tena. Mimi niliondolea gundi ya filamu kwa thina kwenye ile taa iliyonusurika ajali, na nikaishia kununua jozi nzima iliyotumika kutoka Japani. Tumia msasa wa maji, anza na nambari 800, uende 1500, umalizie na 2000, ukiuloweka kila mara, kisha upake dawa ya kung'arisha plastiki kwa kitambaa laini. Anzia kwenye kiakisi.