Boti ya masurufu inayoandika ombi moja mara nne, na kwa nini nashauri mwende bila seva

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili, kwanza kwa nini mtu akimtaja boti wenu (ile programu inayopokea maombi yenyewe) kwenye Slack, app ya mazungumzo ya ofisi, na kuandika ombi la masurufu mara moja tu mhasibu anaona mistari minne, pili kama mnunue seva muiweke ofisini hapo Area C au mtumie hii staili ya bila seva, yaani programu inakaa kwenye mitambo ya kukodi mtandaoni na inaamka pale tu kazi inapoingia. Nimejenga kitu cha namna hiyo kwa ofisi moja hapa Dodoma yenye watu wake Kondoa, Mpwapwa na Singida, maombi ya gari na masurufu yote yanapita humo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona, na naanza na hiyo mistari minne maana ukiielewa hiyo swali la pili linakuwa jepesi.

Slack ikikutumia tukio (taarifa kwamba boti ametajwa) inataka uijibu 200, namba ya kusema "nimepokea", ndani ya sekunde 3. Usipojibu inahesabu hujapokea, inatuma tena karibu palepale, ikikosa inatuma baada ya dakika 1, ikikosa tena baada ya dakika 5, halafu inaachana nalo. Jumla mara 4. Sasa angalia boti yenu inafanya nini kabla ya kujibu: inasoma ujumbe, inaenda kwenye databesi kucheki kama mwombaji ana masurufu ya nyuma hajafanya marejesho, inaandika ombi, inamtumia mhasibu barua pepe, ndo inarudi kuijibu Slack. Siku mambo mepesi inawahi, siku barua pepe ni nzito sekunde 3 zinapita, kazi yote imeshafanyika lakini Slack haijui, inaleta tena na boti inafanya tena yote upya. Fungua logi zako (kumbukumbu za programu), ombi la safari ya Kondoa la saa 2:14 asubuhi utalikuta tena saa 2:14 hiyohiyo, tena 2:15, tena kama 2:20, na kwenye vichwa vya zile za marudio, yaani maelezo yanayotangulia ujumbe, kuna X-Slack-Retry-Num ikisoma 1, 2, 3 na sababu imeandikwa http_timeout, yaani muda wa kujibu umepita. Kwa hiyo msimlaumu mfanyakazi, wala hakubonyeza mara nne.

Dawa ni kutenganisha kupokea na kufanya kazi. Ni kama masijala, karani anapokea barua anagonga muhuri aliyeleta anaondoka, faili linamfikia afisa kwa wakati wake. Kipande cha kwanza cha programu, mimi nimekiweka kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon ya kuendesha programu bila seva yako), kinafanya mambo matatu basi: kinahakiki saini ya Slack (alama ya kuthibitisha ujumbe umetoka kwao kweli), kinatupa tukio kwenye SQS, huduma ya foleni ya AWS, kinajibu 200. Hakigusi databesi, hakitumi barua. Kwenye saini hapo watu wengi wanakwama kwa sababu wanaifungua JSON (muundo ambao ujumbe umeandikwa) kwanza halafu wanapiga HMAC, hesabu ya kupata saini kwa neno la siri, juu ya walichokifungua, haitalingana hata siku moja, piga juu ya maandishi ghafi kama yalivyofika ukianza na v0 na ule muda uliotumwa, na muda ukiwa umepita zaidi ya dakika 5 kataa. Lango la AWS linalopokea ujumbe kabla ya Lambda nalo wakati mwingine linakuletea mwili wa ujumbe ukiwa kwenye base64 (umegeuzwa kuwa herufi nyingine), uchungulie kwanza.

Kipande cha pili kinaamshwa na foleni na ndo kinafanya kazi yenyewe, hakina presha ya sekunde 3, kikitaka sekunde 20 kichukue. Ila sasa sikiliza vizuri hapa maana ndo roho ya uzi wote huu. Foleni ya kawaida ya SQS inakuahidi kukuletea ujumbe angalau mara moja, haijakuahidi mara moja tu. Ukiweka foleni ukaishia hapo mistari inapungua lakini haiishi, na kwenye hela hata mstari mmoja wa ziada ni mwingi. Kila tukio la Slack linakuja na event_id yake, namba ya utambulisho, na ikirudia kutuma event_id ni ileile. Wengi wanatengeneza jedwali la "nilizokwisha kuziona", wanaandika event_id humo kwanza halafu ndo wanafanya kazi, sasa kazi ikifia katikati ujumbe unarudi, boti inaona event_id ipo, inasema hili tayari, na ombi la mtu limepotea kabisa bila kelele, hiyo kwangu ni mbaya kuliko kurudiwa. Mimi event_id yenyewe ndo ufunguo wa ombi kwenye DynamoDB (databesi ya AWS), naandika kwa sharti la attribute_not_exists, andika tu kama ufunguo huo haupo, yaani kurekodi ombi na kukumbuka kwamba nimeliona ni tendo moja, ama yote mawili yametokea ama hakuna. Kumjulisha mhasibu kunatokana na mkondo wa mabadiliko wa jedwali hilohilo, yaani mstari mpya ukiandikwa ndo taarifa inatoka, ujumbe wake unaweza kurudia mara chache sana, na hilo linavumilika, kujulishwa mara mbili si sawa na kulipa mara mbili.

Vitufe anavyobonyeza bosi kuidhinisha ombi ndani ya Slack navyo vina sekunde 3, ila hivyo Slack hairudii, anayerudia ni bosi mwenyewe akiona kimya, kwa hiyo ufunguo wa hapo uwe namba ya ombi pamoja na kitendo.

Muda wa kufichwa kwa ujumbe kwenye foleni (ukishachukuliwa hauonekani kwa mwingine, kazi isipokamilika unarudi) ni sekunde 30 usipougusa, AWS wanashauri uwe mara 6 ya muda wa juu wa kipande chako, fuata hiyo. Na tafadhali weka foleni ya ujumbe ulioshindikana, yaani ule uliojaribiwa ukakwama, toka siku ya kwanza, ipe siku 14 za kutunza ujumbe maana umri wa ujumbe unahesabiwa toka ulipoingia foleni ya mwanzo, siyo ulipohamia, na uiwekee alamu imfikie mtu mwenye jina, siyo barua pepe ya idara ambayo haifunguliwi.

Kuhusu seva ya ofisini, mimi nasema hapana. Umeme ukikatika dakika 10 ukakuta zile mara 4 za Slack zimeisha, ombi limekwenda. Lambda inakupa miito milioni 1 (kila kuamshwa kwa programu ni mwito mmoja) bure kila mwezi, ofisi ya watu 60 haisogelei hata robo, nyie kazi yenu ni kuweka bajeti yenye alamu kwenye ile kadi ya kulipia AWS. Kituo cha AWS cha Cape Town kipo toka 2020 ingawa bei yake iko juu kidogo ya Ireland. Kabla ya kuchagua kaa na mwanasheria wenu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa kupeleka taarifa za watu nje ya nchi na maombi ya likizo ya ugonjwa yakianza kupita humo ndo yenyewe hayo.

Anza na kipande cha kupokea peke yake leo, ukikwama kwenye saini bandika logi hapa nitaiangalia, ila futa tokeni kwanza.