Upumzike au ujikaze? Kuishi na maumivu sugu ya mgongo

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mgongo unakuuma kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwamba eksirei na MRI hazikuonyesha jambo la kueleza maumivu hayo, na kwamba hujui kama upumzike au ujikaze. Nimeishi na maumivu ya kiuno kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalotosha. Kinachosaidia ni kujipimia kazi kwa saa, ili maumivu yasiwe ndiyo yanayokupangia siku.

Kwanza, asikuambie mtu kwamba unajifanya. Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa nafasi yake yenyewe. Neva zikisafirisha taarifa za maumivu kwa muda mrefu, ubongo na uti wa mgongo huweza kuwa wepesi mno wa kuzipokea, hata mguso au mwendo usiodhuru ukauma kwelikweli. Ndiyo maana picha inaweza kuwa safi na wewe ukawa huwezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Sasa nirudi kwenye kujipimia. Nikikaa kuandika, kiuno huanza kukaza baada ya nusu saa hivi. Kwa hiyo naitega simu ilie baada ya dakika 20, na ikilia nasimama, natembea chumbani, naegemea ukuta na kunyoosha mgongo taratibu, hata kama sentensi haijaisha na hata kama wakati huo sisikii maumivu yoyote. Kusimama kabla ya kuumia ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu siku mwili ukiwa mwepesi mtu hutamani kumaliza viporo vyote vya kazi, kisha kesho yake hainuki kitandani. Siku nzuri ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Vilevile siku mbaya usilale kutwa: punguza kiasi, lakini tembea kidogo, maana misuli isiyotumika hudhoofika na kuongeza maumivu. Kiasi chako kikishazoeleka, ongeza dakika chache tu, na ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia akusimamie, ni bora zaidi.

Kuhusu dawa, nakuomba uwe mwangalifu sana. Kiwango cha juu cha paracetamol kwa mtu mzima kwa kawaida ni gramu 4 kwa saa 24, na wenye matatizo ya ini au uzito mdogo huhitaji pungufu ya hapo. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina paracetamol ndani yake. Diclofenac na ibuprofen zisitumiwe pamoja, na zikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Ukiandikiwa amitriptyline kwa dozi ndogo ya usiku, usidhani daktari amekuona mgonjwa wa akili: dawa hiyo, ingawa ilianza kama dawa ya sonona, hutumika pia kwa maumivu ya neva, na usingizi nao huweza kutengemaa.

Nyumbani, waeleze watu unachoweza kufanya leo na kwa muda gani. Wangu walielewa upesi zaidi nilipowaambia hivyo kuliko nilipowaeleza ninavyoumia.

Yote haya ni kwa maumivu ambayo daktari ameshayachunguza. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia haja au kukojoa, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiona homa au unakonda bila sababu, rudi kwa daktari mapema, hata kama vipimo vya awali vilikuwa safi.