Nia isomwe katika kitendo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mtu aliyeua wakati wa vita ahukumiwe kwa nia yake au kwa alichokitenda. Ninawaandikia kutoka Bweyale, wilayani Kiryandongo, mji ambao Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wanaishi jirani na Wasudani waliokimbia vita vilivyoanza Aprili 2023, kwa hiyo kwetu swali hili lina majina na makaburi. Jibu langu ni kwamba nia ina uzito, ila tusiipokee kutoka mdomoni mwa mwenye bunduki. Tuitafute katika maandalizi yake, katika amri alizotoa, na katika yale aliyoweza kuyaepuka lakini akayatenda.

Chukueni Atiak, kaskazini mwa Uganda, tarehe 20 Aprili 1995. Wapiganaji wa LRA, kundi la waasi la Joseph Kony lililopigana na serikali ya Uganda, wakiongozwa na Vincent Otti, mzaliwa wa huko huko, waliwaswaga raia hadi porini, wakawatenga watoto wadogo, wajawazito na kina mama wenye wachanga, kisha wakawamiminia risasi waliobaki, wakiwemo wanafunzi wa shule ya ufundi. Kundi hilo lilidai kuwapigania Waacholi. Hata Odek, alikozaliwa Kony mwenyewe, haikusalimika: kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa hapo ilishambuliwa na LRA Aprili 2004. Mtu anayesimama kuwachambua watu kabla ya kufyatua risasi amekwisha kuamua, na dai la ukombozi halibadilishi alichoamua.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya Dominic Ongwen, ambaye ndiye aliyehukumiwa kwa shambulio hilo la Odek pamoja na yale ya Pajule, Lukodi na Abok. Alitekwa nyara na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akalelewa na watekaji wake hadi akawa kamanda. Mawakili wake walidai kwamba alitenda kwa vitisho na kwamba akili yake ilikuwa imeharibiwa. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) hawakukana mateso ya utoto wake, lakini walitazama mwenendo wake alipokuwa mtu mzima: alipanga mashambulizi kwa uangalifu, alipanda cheo, nyakati nyingine hakuzifuata amri za Kony na hakuuawa, na alibaki msituni ilhali makamanda wengine walitoroka. Februari 2021 wakamtia hatiani kwa makosa 61. Mawakili wa waathiriwa waliomba kifungo cha maisha. Mahakama ikampa miaka 25, na sababu kubwa ya kumpunguzia ilikuwa ule utoto ulioporwa.

Wapo wazee hapa mtaani wanaosema kwamba serikali iliyoshindwa kumlinda mtoto yule haina uso wa kumpeleka mbele ya jaji. Hoja hiyo ninaiheshimu, kwa kuwa ni kweli kwamba hakulindwa. Hata hivyo, watoto waliobebeshwa mizigo kutoka Odek nao hawakulindwa, na aliyewabebesha alikuwa mtu mzima aliyejua vyema jambo hilo humfanya nini mtoto. Kwa maoni yangu majaji walipatia: mateso yake yaliingizwa katika kupima adhabu, wala hayakufuta hatia.

Kipimo hiki lazima kiwafikie pia waliovaa sare za serikali, na hapo ndipo wengi wetu hulegea. Julai 1989, huko Mukura, mashariki mwa Uganda, wanajeshi wa NRA, jeshi la serikali wakati huo, waliwafungia katika behewa la treni wanaume walioshukiwa kuwa waasi, na 69 kati yao wakafa kwa kukosa hewa. Huenda lengo lilikuwa kuwazuia tu hadi wahojiwe. Lakini behewa la chuma lililofungwa na kujazwa watu halihitaji mtaalamu wa kueleza litakavyowafanya waliomo, na vilio vilisikika nje. Aliyesikia asifungue mlango hawezi kujitetea kwa nia aliyokuwa nayo wakati anaufunga.

Kambi zenyewe za wakimbizi wa ndani, kama ile ya Odek, zilianzishwa na serikali kwa wingi kuanzia 1996, kwa maelezo kwamba raia watalindwa humo. Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake wa 2005 ulikadiria kwamba vifo vya ziada katika nchi ya Acholi vilikuwa karibu 1,000 kila wiki, vingi vikitokana na malaria na magonjwa mengine ya kambini. Sisemi kwamba aliyetoa amri ya kuhamisha watu ni sawa na Otti, kwa sababu yeye hakukusudia wafe. Ninachosema ni kwamba mwaka ulipofuata mwaka, na makaburi yakiongezeka pembeni ya vibanda, kuendelea na amri ile ile kulikuwa uamuzi mpya kila mara, na uamuzi huo una wenyewe. Hati za kwanza za kukamatwa ambazo mahakama ya ICC ilitoa kuhusu Uganda mwaka 2005 zilikuwa tano, na zote zilikuwa za viongozi wa LRA. Waliokufa kambini hawajasomewa kesi yoyote, nami ninaona bado wanaidai.